Je, Wajua? Bakshishi ya Mchezeshaji, Mkimbiaji na Mlinzi wa Magari

Je, wajua kwamba Johannesburg ilikuwa na kamari yake, yenye wahudumu wake na bakshishi zake, miongo mingi kabla ya jiji hilo kuwa na kasino halali? Mchezo wenyewe unaitwa fafi. Ulienezwa na Wachina waliofuata dhahabu ya Witwatersrand, na mtaa wao wa zamani, kule barabara ya Commissioner, Ferreirasdorp, umepakana na kitongoji cha Fordsburg, upande wake wa mashariki. Ukitoka Fordsburg kwa miguu unafika kabla hujachoka.

Namba za fafi ni 36, na kila namba ina sura yake. Moja ni mfalme, mbili nyani, tatu maji ya bahari, nne maiti ya mwanamume, tano chui milia, sita ng'ombe dume, saba mwizi, nane nguruwe, tisa mwezi, kumi mayai. Mchezaji hachagui namba hivi hivi. Anaamka asubuhi, anakumbuka alichoota, anaitafuta ndoto yake kwenye orodha. Ameota tembo, anacheza 21. Ameota nyuki wamemvamia, anacheza 26. Ameota paka, anacheza 20. Orodha hii wazee wa Johannesburg wanaijua kwa moyo, na wapo wasioweza kusimulia ndoto asubuhi bila mtu kuwatajia namba yake.

Malipo yanayojulikana zaidi ni 28 kwa 1. Piga hesabu mwenyewe: anayeweka randi moja kwenye kila namba anatoa randi 36, na anarudishiwa pungufu ya 30. Linganisha na ruleti ya Ulaya, yenye namba 37 kuanzia sufuri hadi 36, ambayo hulipa 35 kwa 1. Fafi inamkata mchezaji wake maskini kwa kisu kinene zaidi kuliko ruleti inavyomkata tajiri. Hilo lisemwe wazi kabla hatujausifu mchezo huu kwa utamu wa hadithi zake.

Lakini anayenivutia mimi katika fafi si mwenye mchezo wala mchezaji. Ni mtu wa katikati. Mwenye mchezo huja kwa gari, kwa saa inayojulikana, akaegesha pembeni. Wachezaji wameshatia pesa na kikaratasi cha namba zao ndani ya vipochi vidogo, kila mtu na chake. Anayevikusanya vipochi hivyo, akavibeba hadi kwenye gari, anaitwa mkimbiaji, na mara nyingi ni mama wa makamo anayejulikana na mtaa mzima. Namba ikitangazwa, yeye ndiye huipeleka kwa waliosimama mbali, kwa ishara ya vidole au ya mwili, kwa maana sheria haikuwa rafiki wa kelele. Kisha vipochi hurudi. Kilicho kitupu kimeliwa. Kilicho na noti kimeotea.

Mama huyo hana mshahara wa mwezi. Anapata fungu lake kutoka kwa mwenye mchezo, na anapata shukrani ya aliyeshinda. Shukrani hiyo haikuandikwa popote, ila mshindi anayempita mkimbiaji bila kumpa chochote anaonekana mchoyo, na kesho atahitaji tena kumkabidhi mtu yule yule kipochi chake. Bakshishi hapa inalinda uaminifu kati ya watu wawili wasio na risiti, wala mkataba, wala mahakama ya kukimbilia. Mwandishi wa habari Ufrieda Ho, ambaye baba yake aliendesha fafi Johannesburg, ameyaandika maisha hayo kutoka upande wa ndani ya gari katika kitabu chake Paper Sons and Daughters cha mwaka 2011.

Je, wajua kwamba fafi ina ndugu ng'ambo ya bahari? Wachina wenzao waliosambaa duniani kutafuta kazi waliuacha mchezo wa namba 36 Trinidad, ambako unaitwa whe whe, na Kuba, ambako unaitwa charada. Kila mahali palibadilisha sura kwa kadiri ya ndoto zake: moja ya Kuba ni farasi, moja ya Trinidad ni tandu, moja ya Johannesburg ni mfalme.

Je, wajua kwamba Makumbusho ya Ubaguzi wa Rangi ya Johannesburg, yale ambayo kila mgeni anapelekwa kuyaona, yalizaliwa na kasino? Ili kuelewa, turudi nyuma kidogo. Sheria ya Kamari ya 1965 ilipiga marufuku karibu kila aina ya kamari Afrika Kusini, isipokuwa mbio za farasi. Serikali ile ile iliyoitunga ikaunda nchi bandia za Waafrika na kuzitangaza baadhi yake kuwa huru, na ndani ya mojawapo, Bophuthatswana, mwenye hoteli Sol Kerzner akafungua hoteli na kasino ya Sun City mwezi Desemba 1979. Basi wakazi wa Johannesburg waliokatazwa kamari nyumbani kwao kwa jina la maadili walikuwa wakiendesha gari saa mbili hivi wakaicheza huko, na kurudi Jumatatu kazini. Mama wa fafi alikimbizana na polisi. Mwenye hoteli alipigwa picha na nyota wa muziki.

Utawala ulipobadilika, Sheria ya Taifa ya Kamari ya 1996 ikaruhusu kasino zisizozidi 40 nchi nzima. Waombaji wa leseni walitakiwa waoneshe watakachoijengea jamii. Waliopata leseni ya kasino ya Gold Reef City, kusini mwa Fordsburg, penye mgodi wa zamani wa Crown Mines, waliahidi makumbusho. Yakafunguliwa mwaka 2001, ng'ambo tu ya kasino. Ukisimama kwenye maegesho yao unaona bembea za kiwanja cha burudani upande mmoja na kuta za zege za makumbusho upande wa pili.

Sasa tuingie ndani ya kasino, mezani, kwenye swali ambalo wageni wengi huliona aibu kuuliza: mchezeshaji, yule anayegawa karata au kuzungusha ruleti, anapewaje bakshishi?

Tazama mikono yake kwanza. Katika kasino zinazoruhusu bakshishi, mchezeshaji akipewa chipu haitii mfukoni. Mara nyingi hana mfuko. Umeshonwa, au umefunikwa na aproni. Anaigonga chipu kidogo mezani au pembeni mwa trei ili msimamizi asikie, anaidondosha kwenye tundu la sanduku la bakshishi, na kazi inaendelea. Zamu yake ikiisha, kabla ya kuondoka mezani anapiga kofi jepesi, anageuza viganja juu, halafu chini. Mtu asiyejua atadhani ni madaha. Kamera iliyo darini inaoneshwa kwamba mikono ni mitupu.

Kwa hiyo adabu ya kwanza ni hii: usimpe mchezeshaji kitu mkononi. Weka chipu mezani, mbali na unapowekea dau lako, useme ni yake. Usiposema, ataihesabu kuwa ni dau, na mzunguko ukianza hutaweza kuirudisha. Njia ya pili, ambayo wachezeshaji wengi wanaipenda, ni kumwekea yeye dau: chipu ndogo kando ya yako, kwa niaba yake. Ukishinda, naye ameshinda. Ukiliwa, mmeliwa pamoja. Anayekuletea kinywaji yeye anaweza kupewa pesa taslimu, kwa kuwa hashiki karata wala chipu za mchezo.

Tena si kila mahali panaruhusiwa. Katika jimbo la Victoria, Australia, Sheria ya Kasino ya 1991 inamkataza mchezeshaji kuomba au kupokea bakshishi yoyote. Uingereza nako kwa miaka mingi ilikuwa mwiko, mpaka sheria ya kamari ilipoandikwa upya mwaka 2005. Hofu ya watunga sheria inaeleweka: anayegawa karata akianza kumpenda mteja mmoja kwa sababu ya mkono wake mpana, mchezo umeharibika. Ufaransa ilikwenda upande mwingine kabisa. Huko, anayeotea namba moja kwenye ruleti akalipwa chipu 35, desturi inamtaka aache moja kwa ajili ya wafanyakazi, na wakati mmoja wachezeshaji waliishi kwa bakshishi hizo tu.

Je, wajua kwamba mahakama za Marekani ziliwahi kubishana kama bakshishi ya kasino ni zawadi au ni ujira? Mchezeshaji mmoja wa meza ya kete wa Las Vegas alidai kwamba anachopewa na wachezaji ni zawadi, na zawadi haikatwi kodi. Jaji wa kwanza, mwaka 1975, alikubaliana naye. Alikuta kwamba wateja wengi mno, zaidi ya tisa kati ya kila kumi, hawampi mchezeshaji chochote, na kwamba wachache wanaotoa wanasukumwa na ukarimu wa ghafla au na imani za bahati. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Hoja yao naipenda sana: mtu anayemtuza mchezeshaji ili bahati isimkimbie hatoi zawadi, anatoa kafara. Anatarajia kurudishiwa. Kitu kinachotolewa kwa kutarajia malipo si zawadi, na kwa mchezeshaji anayekigawana na wenzake kila siku, ni pato kama pato lolote. Kodi ikalipwa.

Naona majaji wale, bila kujua, walikuwa wanamzungumzia pia mama wa fafi. Anayeshinda kwa ndoto ya tembo akampa mkimbiaji noti, anamshukuru mtu na wakati huo huo anaibembeleza bahati. Mambo hayo mawili hayatenganishiki, wala sioni ubaya wake. Ubaya unaanza pale mwajiri anapogundua kwamba mteja mwenye kubembeleza bahati anaweza kumsaidia kulipa mishahara.

Mfano haukuchelewa. Mwaka 2006 kasino ya Wynn Las Vegas iliamua kwamba wasimamizi nao wagawiwe bakshishi za sanduku la wachezeshaji. Wachezeshaji walikasirika, na mwaka uliofuata wakapiga kura ya kuingia katika chama cha wafanyakazi. Kesi zikafuata, zikachukua miaka. Na nje ya kasino, sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu mfanyakazi anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, mradi bakshishi zijazie pengo. Majimbo kadhaa, Nevada likiwemo, yameukataa mpango huo. Uingereza ilichukua hatua ya wazi zaidi: tangu Oktoba 2024 mwajiri analazimika kuwafikishia wafanyakazi bakshishi yote bila kujikatia chochote.

Turudi Fordsburg. Kitongoji hiki si cha kasino. Ni cha misikiti, nguo, viungo na nyama ya kuchoma. Oriental Plaza, lile soko kubwa la maduka ya Wahindi, lilifunguliwa mwaka 1974 ili kuwaweka wafanyabiashara waliong'olewa kwa nguvu katika barabara ya 14 ya Pageview, mtaa ambao wenyewe bado wanauita Fietas. Mwaka 1922, uwanja wa soko wa Fordsburg ulikuwa makao ya wachimba madini wazungu waliogoma, na tarehe 14 Machi jeshi la waziri mkuu Jan Smuts likaupiga kwa mizinga. Waligombania ujira wao, na waligombania pia kwamba Mwafrika asipewe kazi yao. Yote mawili ni kweli, na anayesimulia moja tu anapunguza historia.

Siku hizi, jioni za mwisho wa wiki, Mint Road hujaa magari mpaka huwezi kufungua mlango vizuri. Hapo ndipo utakutana na mchezeshaji wa Fordsburg: mlinzi wa magari, aliyevaa kizibao kinachong'aa, anayekuonesha nafasi kwa mkono, anasimama nyuma ya gari lako, anakupungia mpaka tairi zinyooke. Kote Afrika Kusini, Durban hasa, wengi wa walinzi hawa ni watu waliokimbia vita vya mashariki ya Kongo. Msalimie kwa Kiswahili. Akijibu kwa lafudhi ya Bukavu au Uvira, "Karibu papa, gari iko salama," utajua umekutana na mtu wa kwenu, na huenda huko nyumbani alikuwa mwalimu, muuguzi au mwanafunzi wa chuo. Mtaa wa pili, Mayfair, Wasomali waliopitia Kenya nao watakujibu kwa Kiswahili cha Eastleigh.

Sheria ya Kima cha Chini cha Mshahara ya Afrika Kusini ya 2018, iliyoanza kazi Januari 2019 kwa randi 20 kwa saa, imesema jambo zuri: bakshishi haihesabiwi ndani ya kima hicho. Mwenye mgahawa hawezi kumwambia mhudumu kwamba wateja wameshamlipa. Lakini mlinzi wa magari hana mwajiri wa kubanwa na sheria hiyo. Kibaya zaidi, katika maegesho mengi ya maduka makubwa nchini humo walinzi hulipa ada ya kila siku kwa kampuni inayosimamia eneo, kabla hawajaiona hata sarafu ya kwanza. Mtu anaamka alfajiri akiwa tayari anadaiwa. Mchezeshaji wa Las Vegas anayegawana sanduku na bosi wake ameonewa. Huyu anamlipa bosi ili apate ruhusa ya kuomba. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu anayelipa ada hiyo kwa kweli ni wewe na mimi, kwa sarafu tunazodhani tumempa yeye.

Wapo pia wa kituo cha mafuta. Afrika Kusini hairuhusu dereva ajijazie petroli mwenyewe, hivyo kila kituo kina mhudumu, na ni kawaida kumwachia randi tano au zaidi akikusafishia kioo na kuangalia upepo wa tairi.

Msomaji Mwislamu atakuwa ameshauliza moyoni: na hii bakshishi ya kasino, hukumu yake ni ipi? Kamari imekatazwa waziwazi, Suratul Maida, aya ya 90, na Fordsburg ni mahali ambapo watu wengi hawatakanyaga kasino hata kwa kula chakula. Fatwa waachiwe masheikh. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu anayejiepusha na kamari kwa dini yake ana sababu kubwa zaidi ya kuwa makini na mfanyakazi aliye mbele yake, kwa kuwa dini hiyo hiyo imehimiza kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Basi ukifika Johannesburg, fanya hivi. Beba sarafu na noti ndogo. Mlinzi wa gari mpe unapoondoka, randi tano au kumi, mkononi, ukimtazama usoni, na ukiongezea "asante, kaka" hutapungukiwa. Mgahawani desturi ni asilimia 10 na kuendelea. Angalia kwanza kama imeshaongezwa kwenye bili, hasa mkiwa wengi mezani. Ukilipa kwa kadi, muulize mhudumu kama hiyo bakshishi inamfikia, na akisitasita mpe taslimu. Kasino, kama utaingia, muulize msimamizi wa meza kabla hujasukuma chipu, maana kosa lako linaweza kumgharimu mchezeshaji kazi yake. Na siku ukiegesha mahali ambapo walinzi wanalipishwa ada, nenda ofisi ya maduka hayo ukaulize ada hiyo ni ya nini. Mteja akiuliza, anajibiwa. Mlinzi akiuliza, anafukuzwa.